Nyumba Iliyochorwa Kutoka Mlangoni

Mchoraji yule walimwita Penseli, si kwa kazi yake bali kwa umbo. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, na maisha nayo yakazidi kumchonga. Mwenyewe hakujali. "Afadhali penseli," alisema. "Ikivunjika inachongwa, kazi inaendelea."

Asubuhi hiyo alikuwa amejikunja kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu, akilisomea darasa la pili rasimu ya kitabu chake. Zilikuwa nyumba nane za wanafunzi wale wale, kila nyumba na ukurasa wake, watu wake, lugha yao na mlo wao wa jioni. Mhariri alikaa nyuma. Kwao wachapishaji, kitabu hakiendi kiwandani kuchapwa mpaka watoto wakisikie.

Kurasa saba zilipita kwa shangwe. Wa nane ulikuwa wa binti aliyehamia mwaka ule, ambaye wenzake walimbatiza Kimya, maana darasani hasemi, na lugha ya kwao hakuna aliyeijua. Penseli akafunua: watu sita wameketi mkekani, wameizunguka sinia.

"Wanakula chini!" mmoja akapayuka. "Kama kuku!"

Darasa likaangua kicheko. Kimya akainamisha kichwa mpaka paji likagusa dawati.

Walipotoka, Kimya alimvuta Penseli sketi. "Anti, toa nyumba yetu."

"Umemsikia," mhariri alisema. "Mwenyewe hataki. Nyumba saba zinatosha, dada. Kesho kutwa tunapeleka kiwandani."

Penseli alikwisha kutolewa sehemu nyingi kwa upole wa namna hiyo. Aliijua ladha yake. "Nipe mpaka kesho," alisema. "Wakicheka tena, nautoa mwenyewe."

Jioni akaenda kwao Kimya. Mama mtu, fundi wa magodoro, alikuwa ameshika sindano ndefu kama mshale. Penseli hakuficha kitu: alimwonyesha picha, akamweleza pia habari ya kicheko.

Mama akaitazama. "Umetuchora vizuri. Hata upara wa mume wangu umeutendea haki. Ila hii migongo ya nini?"

"Si yenu?"

"Sisi tukila hatuoni migongo, mama. Hebu nione nyumba za wenzetu."

Penseli akafunua. Kwenye nyumba saba alikuwa amekaa mezani, na nyuso zote zilimwelekea. Hii ya nane ilikuwa ya mtu anayechungulia. Akakumbuka: siku ile alipokuja kuchora aliangaza macho, hakuona kiti, akasema ana haraka.

"Nilikukaribisha mara tatu," mama alisema.

"Sikutaka kuwasumbua."

"Heshima ya kuishia mlangoni hata mbwa wa jirani anatupa. Ingia!"

Penseli akavua viatu, akakaa mkekani. Magoti yalilalamika kama bawaba za lango kuukuu. Lakini kutoka pale chini sinia ilijaa machoni, na nyuso zote zilimtazama. Baba alisukuma kipande kinono upande wa mkewe, mke akakirudisha, kaka mtu akakinyakua katikati ya safari. Na Kimya? Kumbe nyumbani alikuwa redio! Alisimulia, aliiga watu, alikatiza wakubwa mpaka akatishiwa kijiko.

Penseli alichora pale pale.

Kesho yake akafunua ukurasa mpya mbele ya darasa. Safari hii sinia ilikuwa mbele ya msomaji, kana kwamba naye kakaribishwa. Watoto wakasogea.

"Huyu anacheka nini?" aliuliza yule yule wa kuku.

"Kaka yangu," sauti ikajibu, na vichwa vyote vikageuka. "Kaiba nyama ya baba."

"Sisi kwetu tuna meza."

"Kaeni nayo," Kimya akasema. "Kwetu hakuna anayegombania kiti."

Wakacheka, naye akicheka nao. Penseli akamgeukia. "Haya, mwenye nyumba. Nitoe?"

"Usitoe! Ila hujaandika tunavyosema 'karibu' kwetu."

"Nane," mhariri akasema, akifunga rasimu. Ikabidi aifungue tena, maana Kimya alikuwa ameshafika mbele, anawafundisha neno la kwao. Darasa zima likakosea. Akawarudisha mwanzo, bila huruma hata chembe.