Siku Saba za Mshonaji

Fundi alifika saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni kama sheria ya nyumba ilivyotaka, akapanda kiti kilekile chenye mguu mfupi kuitazama ruta. Ilikuwa imepigiliwa ukutani katikati ya korido, ili mpangaji yeyote asije akasema mwenzake amependelewa. Nyumba ilikuwa na vyumba sita na laini moja ya intaneti. Taa zote ziliwaka kijani, lakini hakuna ukurasa uliofunguka.

"Wiki ya tatu hii," alisema Katibu, karani mstaafu aliyewasimamia wapangaji wenzake, daftari lake kwapani. "Mtu unafungua barua pepe, unaoga, unarudi, bado inazunguka."

Fundi alichomeka kompyuta yake, akasoma orodha. Vifaa vya wapangaji vilikuwa ndani, kila kimoja na haki yake. Kimoja kilikuwa nje, kikibisha hodi. Kila sekunde kiliomba kuingia, ruta ikaacha shughuli zote ili kukiambia hapana, nacho kikaomba tena.

"Kuna simu mliifungia, na haitaki kukata tamaa. Ni ya mshonaji."

Katibu alifunua daftari lake. "Mshonaji tulimzika mwezi wa tatu."

"Sasa hivi yuko chumba gani?"

"Kilekile. Namba nne."

Namba nne alikuwa amehamia mwalimu wa kike aliyefundisha watoto wa mbali kwa video. Aliwafungulia akiwa na shati la kazi juu na suruali ya kulalia chini. "Karibuni, ila angalieni msimkanyage," alisema.

Mshonaji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, simu mikononi.

"Mimi hanisumbui," alisema mwalimu. "Mstaarabu kuliko wengi walio hai humu ndani. Ila darasa langu linakatika, na wakubwa wameshanionya mara mbili. Likikatika leo, kazi sina."

Fundi alimwamkia, "Shikamoo, mama." Mshonaji hakuitika, alikuwa na shughuli. Fundi akainama, akasoma kioo cha simu yake. Ulikuwa ujumbe wa kwenda kwenye kundi la wapangaji, umeandikwa mwezi wa tatu, na pembeni yake kiduara kilikuwa bado kinazunguka. *Nabanwa kifua, siwezi kusimama. Aliye karibu aniitie gari.*

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wapangaji walisimama koridoni, wakanyoosha mikono kumchagua anayekula mtandao kuliko wenzake, na aliyechaguliwa akafungiwa siku saba ili ashike adabu. Safari ile alichaguliwa mshonaji, kwa sababu alishona huku akiongea na dada yake kwa video, na walipoanza kucheka, cherehani ilisimama na mtandao ukasimama. Mikono yote sita ilipanda. Hata yeye aliunyoosha wake, maana hakupenda kuonekana mkorofi. Fundi akaitwa kuja kubonyeza, na mshonaji mwenyewe ndiye aliyemshikia kiti.

"Usinisahau lakini, mwanangu," alimwambia.

"Siku saba tu, mama."

Alifariki siku ya nne. Wenzake walipita mlangoni kwake kutwa, wakaona kimya, wakasema amenuna kwa kufungiwa, mwacheni, hasira zikimwisha atatoka. Siku ya nane hakuna aliyemwita fundi aje kumfungulia, na fundi hakuulizia. Alikuwa na nyumba nyingi. Sasa alisimama pale na waya mkononi, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wapangaji wote walikuwa wamekusanyika mlangoni. Fundi akawaeleza kwamba njia ni mbili.

"Ya kwanza, namfungulia dakika moja. Ujumbe utatoka, na yeye atakuwa amemaliza. Hatabisha tena."

"Utatoka kwenda kwa nani?" aliuliza wa namba mbili.

"Kwenu. Wote mlio kwenye kundi."

"Na sisi tukiusoma, yeye ataona tumesoma?"

"Ataona."

Kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu. "Na njia ya pili?" aliuliza Katibu.

"Nabadilisha neno la siri na kulificha jina la mtandao. Simu yake haitauona, kwa hiyo itatulia. Ila yeye atabaki hapo alipo."

"Tukiusoma, tutamjibu nini?" alisema Katibu. Hakuuliza kwa ubaya.

"Dakika moja tu, jamani," alisema fundi. "Nawaomba."

"Wewe si mpangaji, kijana wangu. Hapa wengi wape. Wanaotaka njia ya pili?"

Mikono mitano ilipanda, wa Katibu ukiwamo. Mwalimu aliitazama saa. Darasa lake lilikuwa linaanza saa tano kamili, na zilibaki dakika sita. Akanyoosha wake. Nyuma yake, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, mshonaji naye akanyoosha mkono.

Katibu alihesabu kwa ncha ya kalamu, akauruka wa mshonaji, akaandika *sita*.

Fundi alibonyeza, akampa kila mpangaji neno jipya la siri. Kiduara kikasimama. Nyumba nzima barua zilifunguka, picha zikafunguka, na mtu wa namba moja akapiga makofi peke yake. Mwalimu aliketi mbele ya kompyuta, akasema, "Hamjambo, watoto? Leo mnaniona vizuri?" Mshonaji akasogea pembeni ya kitanda ili asionekane kwenye picha.

Fundi alipokuwa akikunja waya wake, mshonaji aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Siku ngapi, mwanangu?"

"Saba tu, mama," alisema fundi, akaenda kutafuta viatu vyake.