Matumbawe ya Chumba Namba Sita

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mpiga picha wa ofisi ya upimaji wa bahari alivuta droo yenye fomu ya uchunguzi wa sakafu ya bahari kwenye kina cha mita tisini, ikagoma. Matumbawe yalikuwa yameota humo ndani. Ilipofika saa nne yalikuwa yamepanda hadi mezani, mapana kama sahani, maana kule chini mwanga ni haba na kila tumbawe hukinga linachopata.

Fomu hiyo aliijaza mwenyewe wiki iliyopita. Taa ya kamera ilizimika kabla ya kufika chini, picha zikatoka nyeusi tititi. Aliomba arudie, mkuu wa ofisi akasema hakuna muda. Basi akaandika: "Hakuna kitu." Alhamisi hii, tope lililochimbwa bandarini lingemwagwa baharini pale pale.

Sasa moyo ulimdunda kwa furaha. Akafunga mapazia, matumbawe yasiumie na jua. Chumba kikawa cha buluu, samaki na pweza wakatokea kati ya matumbawe, naye akaanza kuhesabu.

"Shangazi! Njoo uone, wako hai wote!"

Shangazi yake, mpika chai wa ofisi, aliingia na birika, akamsogeza pweza kwenye kiti, akaketi. "Mwanangu, huyu samaki anang'aa tumbo. Umemwandika?"

"Huyo ni wa arobaini na tatu!"

"Na ulisema hakuna kitu. Haraka haraka haina baraka."

"Haraka haikuwa yangu, shangazi. Lakini sasa mkuu atajionea!"

Kufikia Jumatano walikuwa na aina mia mbili na kumi na moja, nyingine hazina jina hata vitabuni. Wafanyakazi walijazana mlangoni. Macho hayana pazia. Mkuu alifurahi kuliko wote. Alivua viatu asikanyage sifongo, akapigwa picha nane akiwa na samaki mwekundu.

"Kwa hiyo tope halimwagwi?" akauliza mpiga picha.

"Binti yangu, fomu ina muhuri. Hii orodha yako ni nzuri mno. Ifungulie faili jipya."

Alhamisi saa tano, tishari la kwanza, chombo bapa cha kubebea tope, lilimwaga mzigo wake baharini, na tope likaanza kushuka kutoka darini, laini, bila kuchafua karatasi hata moja. Shangazi na mpiga picha walitandaza kitambaa cha meza juu ya matumbawe, kila mmoja ameshika pembe mbili. Samaki wakajikusanya chini yake. Kitambaa kikawa kizito.

Mkuu alichungulia, akasikitika kwa dhati, akaomba wafunge mlango korido isichafuke. Mpiga picha akausukuma kwa mguu. Yalikuwa yamebaki matishari kumi na moja.