Goti la Mwalimu na Magari Mawili

Siku wifi yangu alipotangaza kwamba anataka kununua gari la spoti, la watu wawili tu, nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, na nusura nimuunguze sikio kwa pasi ya nywele.

Saluni yangu iko mbele, nyumba iko nyuma, na katikati hakuna mlango wa maana. Anayepita anaingia, anayeingia anakaa, na anayekaa anatoa maoni. Kwa hiyo habari ile haikumaliza hata dakika moja ikiwa siri.

"Watu wawili?" mteja akauliza, kashika sikio lake. "Na wajukuu utawapakia wapi, kwenye buti?"

"Wajukuu wana wazazi wao," wifi akajibu, akavuta kiti.

Huyu wifi tunamwita Mwalimu, ingawa chaki hajawahi kuishika. Alikuwa akifundisha watu kuendesha magari, mpaka juzi alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyakalia kwenye kiti cha abiria, ndani ya yale magari ya shule yenye pedali pande mbili: mwanafunzi ana zake na yeye ana zake. Mwanafunzi akiuelekea ukuta, Mwalimu anakanyaga breki. Mwanafunzi akisahau klachi, Mwalimu anamkanyagia. Nusu ya madereva wa mji huu wamepitia ubavuni kwake, na goti lake la kushoto limekwisha kwa klachi za watoto wa watu.

Ungedhani basi nyumbani anashika usukani. Thubutu! Nyumbani anaendesha mumewe, ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Tunamwita Meneja. Hajawahi kuwa meneja wa chochote, alikuwa mtunza stoo kiwandani, lakini mpe foleni ya watu watatu aipange, utamwona alivyo na furaha. Akiona usukani haulizi ni wa nani. Wakitoka pamoja yeye yuko kulia kwenye usukani na mkewe yuko pembeni, mguu unakanyaga kapeti kila wakifika njia panda.

Na Meneja hajui klachi. Walipooana, Mwalimu alijaribu kumfundisha. Gari likaruka kama chura, likazima, likaruka tena. Alipoambiwa "toa mguu polepole," akasema anadharauliwa. Akashuka katikati ya mzunguko wa barabara, honi zikimpigia, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo gari la nyumba ile ni otomatiki, na jambo lile halizungumzwi. Yaani, halizungumzwi akiwepo.

Sasa sikiliza magari yenyewe. Dalali mmoja alikuwa nayo mawili yadini kwake, yote yametumika, yametoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, na bei zake zilikaribiana mno kugombaniwa. Ukiyatazama kwa mbele ni mapacha. Jekundu lilikuwa na paa la turubai linalokunjwa, na gia zake ni otomatiki. La kijivu lilikuwa na paa la bati, gia za mkono, na klachi ngumu kama kidato cha ngazi.

Jumapili baraza likakaa kwangu, bila mwaliko kama kawaida, vikombe vya chai vikiwa vingi kuliko visahani. Wote tulikuwa upande wa jekundu. Binti yao, ambaye ni nesi, alisema kwa lugha ya hospitali kwamba goti la mama yake halitaki klachi hata ya kuchorwa. Mimi nilisema gari la namna ile usipoonekana ndani yake, umenunua la nini? Paa likunjwe, watu waone nywele nilizozitengeneza. Meneja akapiga meza.

"Jekundu. Mjadala umefungwa."

Kwani nani alimfanya mwenyekiti? Lakini tayari alikuwa amenunua kofia na miwani ya jua, na alikuwa akijigeuza mbele ya kioo changu cha saluni, ubavu huu na ubavu ule.

"Kaka, gari ni la mkeo," nikamchokoza.

"Ndiyo maana nataka apate zuri," akasema, na naapa alikuwa anamaanisha.

 Baadaye nikampeleka Mwalimu nyuma kumwosha nywele, na kwenye lile beseni, kichwa kikiwa kimelala na macho yamefumbwa, watu husema wasiyoyasema kwingine.

"Wifi," akaanza, "tukichukua jekundu, mimi nitakaa wapi?"

"Si ndani ya gari."

"Upande gani?"

Nikaacha maji yatiririke. 

"Basi mwambie," nikasema mwishowe. "Hili langu, usiliguse."

"Nitamwambia leo. Kesho atasema anakwenda dukani mara moja tu. Keshokutwa ataniona nimechoka, aniambie nipumzike. Wifi, nimezeeka nikiwaambia watu weka mguu, toa mguu. Sitaki kuja kuifanya kazi ile ile kwenye gari langu, kila siku, na mume wangu. La kijivu litamkataza lenyewe, mimi sitahitaji kufungua mdomo."

"Na goti?"

"Hapo ndipo penye kazi. Goti likikataa, narudi kiti cha abiria mpaka wanizike."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuambia duka linafungwa saa ngapi. Nikamfunga taulo. Nilikuwa nimeingia kule nyuma nikiwa mtu wa jekundu. Nilipotoka sikuwa na upande.

Jumamosi tukaenda yadini, wanne ndani ya gari la Meneja. Yeye ndiye aliyeendesha, bila shaka.

Dalali alitoka ofisini mbio, na alipomwona Mwalimu akasimama wima.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe ndiye uliyegonga kibanda cha mlinzi."

"Kibanda kilikuwa kimejitokeza, Mwalimu."

Akatuonyesha magari, akayasifu kama anayeozesha mabinti. Mwalimu alizunguka yote mawili, akapiga tairi teke, akainama akachungulia chini. Kisha akaufungua mlango wa jekundu, akakaa, akavuta mkanda, akasema:

"Angalia vioo. Weka mkanda. Washa."

Tukatazamana. Alikuwa amekaa kiti cha abiria. Na dalali naye, mtu mzima mwenye kitambi na yadi yake, alikuwa ameshazunguka, amekaa kwenye usukani, anarekebisha kioo.

"Mama," binti akaita kwa upole, "wewe ndiye unayejaribu gari."

Meneja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nami nilicheka, sitasema uongo. Mwalimu hakucheka. Alijitazama pale alipokaa, akatazama sakafu ambako mguu wake ulikuwa unatafuta pedali isiyokuwepo, akashuka taratibu.

"Toka," akamwambia dalali. Dalali akatoka mbio.

Akaendesha jekundu kwanza, binti akiwa pembeni yake, sisi wengine tumebaki tunawasubiri kwenye kivuli cha ofisi. Walirudi paa likiwa limekunjwa, nywele nilizomtengeneza zimesimama vizuri sana.

"Mguu wa kushoto haukufanya kazi hata kidogo, baba," binti akaripoti. "Umelala tu."

"Si nilisema?" Meneja akajibu.

Halafu la kijivu. Safari hii Mwalimu alinionyesha mimi kidole. Kuingia mle ndani si mchezo, gari lenyewe liko chini kama jamvi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila hawakusema akishainama atainukaje. Tukatoka. Barabara tambarare alikwenda vizuri, gia zinaingia kimya, hata chai ingekaa kwenye kikombe. Nikaanza kumsimulia habari za jirani aliyehamia na kochi la mkopo, naye akasema "nyamaza kidogo wifi," nikanyamaza.

Kisha akageuza akaelekea kilima cha hospitali kwa makusudi. Katikati ya mpando alisimama. Nyuma yetu lori, mbele yetu anga. Nikamwona anakanyaga klachi na mdomo anaubana. Paja lilikuwa linatetemeka, nililiona wazi kupitia gauni. Gari halikurudi nyuma hata upana wa ukucha. Likaondoka kama limevutwa na kamba.

Juu kileleni akaegesha, akaweka kiganja juu ya goti.

"Linauma?"

"Linauma."

"Sana?"

"Sana. Lakini limekanyaga."

"Litakanyaga mpaka lini?"

"Hilo muulize nesi. Atakwambia muda mfupi, na atakuwa amesema kweli."

Tuliporudi yadini alishindwa kushuka. Alitoa mguu mmoja, wa pili ukagoma, ikabidi dalali ashike mkono huu na binti mkono ule, wamvute kama gunia. Binti alikuwa na machozi ya hasira.

"Umeona, mama? Umejionea mwenyewe?"

"Nimeona."

"Basi ni jekundu," Meneja akasema, sauti imelainika kabisa. Alimshika mkewe kiunoni asianguke, na hapo hakuwa mwenyekiti wa baraza, alikuwa mume. "Mama watoto, umewaendesha watu maisha yako yote. Sasa inatosha. Mimi nitaendesha, wewe utakaa pembeni upigwe na upepo. Pumzika."

 Nilidhani Mwalimu atakasirika. Badala yake akamfuta kaka yangu jasho la kwenye paji la uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Asante, baba," akamwambia. Kisha akamgeukia dalali. "Andika la kijivu."

"Lakini sijui kuliendesha hilo!" Meneja akasema.

"Najua."

  Nadhani Meneja alianza kuelewa kuanzia shingoni kwenda juu, maana mishipa ya shingo ndiyo iliyotangulia kusimama. Akavua miwani, akaitia mfukoni, akaenda kukaa ndani ya gari lake peke yake, madirisha yamefungwa kwenye jua lile.

Alinuna. Kununa kwa Meneja ni kwa mpangilio, kuna ratiba yake. Asubuhi hasalimii, mchana anasalimia kwa kichwa, jioni anauliza chakula kama anauliza mpita njia. Watu walikuja saluni kuniuliza imekuwaje, nami nikawaambia, wakasimuliana, wakarudi wakanisimulia mimi kana kwamba sikuwepo. Wengine walisema mama yule ana kiburi. Wengine walisema hivyo mbele ya waume zao, kisha wakabaki nyuma kuniuliza kama dalali yule ana lingine.

Binti naye alileta bandeji ya mpira na dawa ya kuchua, akaapa hamsaidii mama yake, na huku anamfunga goti. Mwalimu akajipangia. Siku goti likiwa zuri anatoka, mwenyewe, na haulizwi anakwenda wapi. Siku likivimba, gari linakaa chini ya turubai na hakuna mtu nyumbani mle anayeweza kulisogeza hata hatua moja.

Na ndivyo siku moja lilivyokuja kukwama langoni kwao. Aliliacha pale jioni kwa sababu mguu uligoma kabla hajaingia ndani, na kesho yake Meneja alikuwa na kikao cha wastaafu wa kiwanda, yeye ndiye katibu, na gari lake liko ndani, limezibwa na la kijivu. Nilikuwepo, nimepeleka visahani nilivyokuwa nimeazima. Nilimwona kaka yangu anazunguka lile gari kama paka kwenye chungu cha moto. Aliingia, akashika usukani, akaitazama ile klachi. Akatoka. Akaenda kugonga mlango wa chumbani kwao.

Mwalimu akatoka anachechemea, bandeji ikionekana chini ya gauni.

"Nisogezee gari," Meneja akasema, anatazama ukuta.

"Kuliingiza na kulitoa ni klachi mara nyingi," akajibu. "Kukupeleka ni klachi chache. Panda."

Meneja akasimama. Nikaona anapiga hesabu ya aibu: kufika kikaoni ameletwa na mkewe, au katibu kutofika kabisa. Akavua kofia, akainama, akaingia upande wa abiria, magoti yakiwa karibu na masikio. Wakaondoka.

Walirudi jioni, moja kwa moja kwangu, maana taa zilikuwa zinawaka na vicheko vinasikika mpaka barabarani. Mwalimu akajitupa kwenye kochi, akaweka mguu juu ya kigoda, akaanza kuchua. Meneja hakukaa.

"Mnajua kwamba fundi viatu amejenga ghorofa?" akatuuliza. "Kabisa, ghorofa! Na yule mama wa vitambaa amefungua duka lingine, upande wa pili wa barabara, na limeandikwa jina la mwanamume. Nani yule? Na pale kwenye mteremko kuna bustani, jamani, ina mabenchi, ina maji yanaruka. Tangu lini?"

"Tangu zamani, kaka," nikasema. "Unapita hapo kila wiki."

"Napita nikiendesha! Ukiendesha utaona saa ngapi?" Akavuta kiti katikati ya watu, akaomba chai. "Halafu sikilizeni hii ya dalali. Tumempita nje ya yadi yake, amekaa ndani ya lile jekundu na mwanamke, paa limekunjwa. Na si mkewe."

Nikaacha kitana juu ya kichwa cha mtu. Kila mtu akasogea. "Mwenye gauni gani?" nikamgeukia Mwalimu. "Wifi, wewe ulimwona?"

Mwalimu aliendelea kuchua goti lake, hakuinua hata macho.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa naangalia barabara."