Mtungi wa Ucuru

Watu wa Kianjai hawasafiri Oktoba. Mwezi huo mvua ya vuli iko mlangoni, na mwenye shamba akiondoka mbegu zikiwa bado ghalani, watu wanasema amechanganyikiwa. Basi mimi Karambu, nyanya wa wajukuu wanane, niliwaacha majirani wakipanda maharagwe yao nikaondoka zangu. Waseme watakavyo. Mjukuu wangu wa nane alikuwa Embu, na alikuwa analia njaa.

Ni mtoto wa Kawira, kitindamimba wangu. Kawira alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, na kila Jumapili nilipiga magoti kanisani nikimsumbua Mungu kwa jina lake. Hatimaye akajifungua kijana, Runji. Siku ya sita akanipigia simu akilia. Maziwa hayatoki. Nesi amesema mtoto akizidi kupungua kilo, atarudishwa hospitalini.

"Mama," akasema, "nimepewa mtoto nikanyimwa maziwa. Mimi ni mama wa aina gani?"

Woi! Maneno hayo yalinikata maini. Nikamwambia anyamaze, kesho naja na ucuru.

Ucuru ni uji wetu wa wimbi, unaoachwa ukachacha. Mzazi akiunywa, maziwa hujaa. Mamangu alininywesha huo kwa watoto wangu wote watano. Na nilikuwa nao tayari, kwa sababu nilikuwa nimepanga kwenda kumwona mtoto nikimaliza kupanda.

Sasa sikiliza nilipokosea. Ucuru hubebwa kwa kibuyu, mdomo umezibwa kwa majani tu, upate kupumua. Lakini Kawira anakaa Dallas, mtaa wa watu wa ofisi pale Embu, na mama mkwe wake, Mama Nyamu, anayekaa naye, ni mtu wa vitambaa vyeupe juu ya kila kiti. Nikaona haya kuingia pale na kibuyu cheusi cha moshi. Nikaumimina ucuru kwenye mtungi mpya wa plastiki, lita kumi, nikaweka nailoni chini ya kifuniko, nikakaza. Nina miaka sabini na miwili lakini mikono yangu ni ya jembe. Nilikaza kweli.

Kiunga, mtoto wa kaka yangu, alinipeleka kwa gari lake. Mtungi niliupakata njia nzima. Tulipopita Nkubu mvua ilikuwa inanyesha, watu wameinama mashambani, na roho ikaniuma kidogo kwa ajili ya mbegu zangu. Kila kona niliomba: Bwana, usiache hata tone moja limwagike. Kufika Chuka, jua likatoka kali.

"Shangazi, huo mtungi umefura," Kiunga akasema.

"Wewe angalia barabara."

"Si tuufungue kidogo?"

"Tuufungue umwagike? Endesha gari, bwana!"

Embu tulikuta mijakaranda imemwaga maua, barabara yote zambarau. Nikasema asante Mungu, tumefika salama, ucuru wote uko.

Kawira alikuwa kwenye kochi, macho yamemvimba, Runji akilia kwa kisauti chembamba sana. Sikukipenda. Mtoto wa siku saba anatakiwa kulia kwa hasira. Sikungoja hata chai. Nikaweka mtungi mezani, juu ya kitambaa cheupe, Mama Nyamu akainama karibu aone, nikazungusha kifuniko.

Haki ya Mungu! Kifuniko kiligonga dari. Ucuru ukaruka nyuma yake, ukashukia kochi, televisheni, picha ya harusi. Mimi nililowa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Mama Nyamu alisimama wima, macho amefumba, ucuru unamtiririka puani, akasema polepole, "Mama Kawira, karibu sana Embu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nimeacha shamba langu, nimekuja mbali hivyo, na dawa ya mtoto wangu iko ukutani! Machozi yalikuwa yananilenga niliposikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kawira ajifungue. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mtoto anatikisika kifuani. Mama Nyamu naye akashindwa kujizuia, Kiunga akaegemea mlango, hata mimi nikacheka na aibu yangu yote.

Ghafla Kawira akanyamaza. Akaangalia blauzi yake, imelowa pande zote mbili.

"Mama," akasema, "huu si ucuru."

Nikamsaidia kumweka mtoto titini. Runji akashika, na sisi wote tukasimama hivyo hivyo, tumepakwa uji, tukimsikiliza akimeza. Kawira alianza kulia tena, lakini safari hii sikumwambia anyamaze.

Nesi alipopigiwa simu alisema ni kicheko: wasiwasi ulikuwa umemkaza mwili, ukalegea. Mama Nyamu anasema ni maombi. Mimi niliinamisha ule mtungi nikapata kikombe kimoja, Kawira akakinywa chote, kwa hiyo na mimi nina la kusema.

Runji sasa ana miezi mitano, mashavu mpaka huoni shingo. Maharagwe yangu nilichelewa kuyapanda, yakatoka hafifu, na sijali hata kidogo. Njia nzima siku ile nilimwomba Mungu hata tone moja lisimwagike. Ashukuriwe, alikataa.