Utepe Mwekundu wa Lidwina

Lidwina alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na aliigawa bila upendeleo. Aliwadharau wanafunzi waliokuja kwenye maktaba yake pale Majengo kuchaji simu na kulalia madaftari. Aliwadharau wafadhili walioleta maboksi ya vitabu vya kuoka keki kwa jiko la umeme, kisha wakasimama mlangoni wapigwe picha. Lakini fungu nono zaidi alimwekea Mzee Rupert, afisa elimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya maktaba, ambaye katika miaka yote ya uenyekiti wake hakuwahi kuonekana akisoma kitu kirefu kuliko risala.

Kitu kimoja tu hakukidharau: kabati la vitabu vya rejea. Lilikuwa mkabala na meza yake, na alilijaza mwenyewe, kwa kuomba, kwa kubishana na mara nyingine kwa kununa. Kamusi, vitabu vya sheria, vya dawa, vya magonjwa ya mahindi na korosho. Hakuna kilichoingia bila kuhojiwa. Alikiuliza kitabu mambo anayoyajua yeye, na kikimdanganya kwa hayo, alikosa sababu ya kukiamini kwa asiyoyajua. Atlasi moja ya jalada gumu iliuweka mji wa Tunduru kando ya ziwa lisilokuwepo. Akaitupa kwenye rafu ya kuazima, waichukue wanaotaka kupotea.

Kilichofaulu alikibandika utepe mwekundu mgongoni, na tangu hapo hakikutoka chumbani, hata kama anakitaka padri au mkuu wa shule. Polepole mji ukauamini utepe ule. Watu wakibishana sokoni, humaliza kwa kusema twende kwa Lidwina tukaangalie.

Hapo ndipo Mzee Rupert alipoona kitu cha kumfaa. Alikuja asubuhi moja amevaa suti, kitabu kinene kwapani.

"Shikamoo, mzee," Lidwina alisema, kwa sababu shikamoo ni haki ya umri, akili haihusiki.

"Marahaba. Hii ni historia ya ukoo wetu, nimeiandika mwenyewe. Kiwekee ule utepe."

Kilikuwa kimechapwa stationari kwa Chiku, mtaa wa pili. Picha ya mwandishi ilikuwa kwenye jalada la mbele, na nyingine nyuma, kwa ambaye hakuridhika na ya kwanza. Lidwina alijua utepe ule anautakia nini. Mzee Rupert alikuwa amempeleka dada yake, Walburga, mbele ya wazee wa baraza la kata, akitaka amwachie shamba la marehemu baba yao, na kitabu chenye utepe kingekuwa shahidi wake. Walburga hakuwa na shamba jingine. Alikula humo, na kilichopungua alikitafuta kwa kuuza dagaa wa Nyasa sokoni.

Alikifungua kitabu katikati. "Baba alipofariki," kiliandikwa, "shamba lilibaki mikononi mwangu, na hakuna mwingine aliyewahi kutia jembe pale." Lidwina akakifunga. Majengo nzima ilimjua aliyeshika jembe lile, na mikono ya Mzee Rupert ilikuwa laini kama ya bwana harusi.

"Hiki hakiingii kwenye kabati, mzee."

"Kamati inakaa wiki ijayo," alisema, akitazama dari. "Kuna wazo kwamba chumba hiki tukipangishe. Kuna mtu anataka kuweka uwakala wa pesa. Vitabu vyako tutavitafutia stoo."

Lidwina aliona kabati lake stooni, na panya. Alimchukia mzee yule kwa moyo mweupe kabisa. Akatafuta haraka kikwazo ambacho mvivu hawezi kukivuka.

"Basi hakina faharasa," alisema. "Kitabu cha rejea lazima nyuma kiwe na orodha ya kila mtu aliyetajwa, na kurasa zake. La sivyo msomaji atatafutaje?"

"Kila mtu? Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Macho ya mzee yaling'aa. Hakuandika faharasa hata mstari mmoja, hilo halikumshangaza Lidwina. Alimrushia Chiku kazi yote, Chiku akaiachia kompyuta, na kompyuta haina ukoo wala haya, ikayakusanya majina yote. Jina la Rupert lilijaza karibu ukurasa mzima. Mzee aliusoma ukurasa huo mara kadhaa, akaona kazi imekwenda vizuri, akarudi.

Lidwina alikuwa ametoa neno lake. Alibandika utepe, na vidole vikamnuka. Kamati ikanywa soda na kupiga makofi. Yeye hakukifungua tena kile kitabu. Alikichomeka mwisho wa rafu na kukipa mgongo, akijua amemuuza Walburga ili aokoe kabati.

Siku ya shauri ilipofika Mzee Rupert alikuja kukichukua.

"Hakitoki, mzee."

"Mimi ndiye mwenyekiti."

"Na lile tangazo pale mlangoni, kwamba vitabu vya utepe havitoki, lina sahihi yako."

Mzee alifura, kisha akaona hata hivyo si vibaya, wazee kuja wenyewe kukifuata kitabu chake. Akaenda kuwaita. Walikuja wakiongozwa na Mzee Amedeus, mkulima aliyezoea kufika pale kila msimu kuangalia magonjwa ya mahindi. Walburga aliingia wa mwisho, akaketi karibu na mlango, kanga imebeba harufu ya dagaa. Rupert akafungua ukurasa wake na kuwasomea lile la jembe kwa sauti ya jukwaani.

"Kaka," Walburga alisema taratibu. "Unasema hayo nikiwa nimekaa hapa."

Mzee Amedeus alinyoosha mkono akapewa kitabu. Hakuanza mbele. Alikwenda nyuma moja kwa moja, kama Lidwina alivyomfundisha na vitabu vya mahindi, akalamba kidole na kukishusha juu ya majina.

"Walburga, dada wa mwandishi," alisoma. "Kumbe yumo. Yumo mara nyingi." Akafunua ukurasa wa thelathini na saba, sura ambamo Rupert anausifu usafi wake wa enzi za chuo. "'Sikuwahi kukosa ada wala shati jeupe, maana dada yangu Walburga alibaki akilima tumbaku katika shamba la baba, peke yake, mtoto mgongoni.'"

Amedeus akafunua kwingine. Ng'ombe wa harusi ya Rupert walitokana na mahindi ya dada. Mabati ya nyumba ya Rupert, kadhalika. Kila mahali mzee yule alipojisifu, dada yake alikuwa nyuma yake ameinama shambani.

Lidwina aliona aibu, na aibu ilikuwa kitu kigeni kwake. Kila kitabu alikihoji, hiki pekee alikihukumu bila kukiuliza swali, na ukweli wote ulikuwa umekaa ndani unamsubiri. Alitaka kumwomba Walburga msamaha. Akaona hapo si mahali pake.

"Tumekielewa kitabu chako, Rupert," Mzee Amedeus alisema. "Umemtetea dada yako vizuri. Sisi tunaona shamba libaki kwake, na wewe mwandishi hatutegemei utapinga maandishi yako mwenyewe."

Walburga alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Mzee Rupert alisimama, suti imemganda mgongoni kwa jasho, akanyoosha mkono kuelekea kitabu.

"Hiyo ilikuwa rasimu," alisema. "Lidwina, nipe nikairekebishe."

Lidwina alikipokea kitabu kutoka kwa Amedeus. Akaufuta mgongo wake kwa kiganja, akakiweka kabatini katikati, kati ya sheria na mahindi, utepe ukitazama mlango.

"Hiki ni cha rejea, mzee," alisema. "Hakitoki. Ila viti vipo, ukipenda kukaa usome."