Maji ya Birika la Karolis

...na pumzi ikitoka uiache itoke, alisema Karolis, usiifukuze, basi Eunike akaiacha, lakini hii pumzi ya nani isiyo na kilio ndani yake, miguu imemfia ganzi mkekani, Wasingala sita wa kisiwa cha Seloni, Karolis na wenzake, kimya katika nguo nyeupe alizowafulia mwenyewe juzi mtoni Ngarenaro, tarumbeta ya askari inalia huko bomani kwa Wajerumani, na jirani yake Batuli, aliyefuata wali wa maziwa, ananong'ona, "Shoga, hawa wanasali au wamelala?"... leo mwezi mpevu, Buda wao alizaliwa siku hii, akafa siku hii hii, Karolis kasema kwa furaha, kana kwamba kuzaliwa na kufa siku moja ni jambo la kupikia wali, mwanawe Eunike naye alizaliwa alfajiri na jioni hakuwapo, na ni huyu Karolis seremala aliyeranda lile sanduku dogo bila kuulizwa, akalileta kwapani hadi mlangoni, ndiyo maana amekuja, Bwana Yesu nisamehe, nimekuja kwa ajili ya sanduku... "Mama, weka mkono," Karolis anamsogezea birika, maji yamiminwe bakulini mpaka yafurike, wema wa leo uwafikie waliokufa, "taja jina la wako"... jina lilikuwa linangoja ubatizo, walikubaliana na mumewe lisitamkwe kabla, na maji yalikuwapo, Mungu wangu, kibuyu kizima kando ya kitanda, katekista alishawafundisha, mtoto akizidiwa hata mama aweza kumbatiza, kiganja cha maji na maneno machache, naye Eunike akasema ngoja, katekista yuko njiani, ngoja ifanywe vizuri, shuka jeupe la ubatizo halijakauka, akangoja, akamfuta jasho kwa maji yaleyale, yaleyale... na kanisani wakamwambia wafu hawaombewi, amwachie Mungu, amemwachia, lakini Mungu anamwitaje?... "Mama?"... "Mwache, fundi, maji yako hayaendi popote," Batuli huyo... si ubatizo huu, anajua, bakuli la Wasingala halimfungulii mtu mbingu, lakini mwezi wa tatu sasa anamwita yule, marehemu, mtoto, mama gani humwita mwanawe yule... mkono uko juu ya birika, shaba ya baridi, hakuna tone lililoanguka, wote wanangoja, Eliamini, anasema moyoni, anajaribu tena, polepole, Eliamini, mwanangu, mimi ndimi niliyechelewa, si wewe