Kufuli la Swichi Kuu

Alipotangaza nyumbani kwamba amepata kazi ya ufundi wa lifti nchi ya mbali, ukoo mzima ulimgeukia kana kwamba amesema anakwenda kuuza figo. Mjomba alitaka kujua ni kampuni gani hiyo iliyokosa vijana wa kwao mpaka iagize msichana kutoka kwa watu. Shangazi alishauri aolewe kwanza, aende na mume, ili kuwe na mtu wa kumbebea mabegi. Mama alikuwa akipiga pasi ovaroli ya binti yake, akiinyoosha kama shati la harusi.

Binti alikuwa kitindamimba wa watoto sita, na nyumba nzima ilimwita Kitinda. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Safari hii walimsikiliza.

"Naenda peke yangu," alisema, "na nikishindwa nitashindwa peke yangu. Mnachoweza kunisaidia ni kunisindikiza."

Wakamsindikiza, wakalia, mjomba akawazidi wote.

Chumba alichopanga huko kilikuwa juu ya duka la rangi. Kilikuwa na kitanda cha chuma, meza ya miguu mitatu iliyoegemezwa ukutani, na dirisha lililokaribiana na ukuta wa jirani kiasi kwamba angeweza kuupaka rangi bila kutoka ndani. Jioni ya kwanza alikula mkate mkavu kwa chai, akajiambia kwa sauti kwamba anapapenda mahali hapo. Hakupapenda hata kidogo, lakini kwa kuwa hapakuwa na wa kumbishia, hoja ikapita.

Kwenye karakana walikuwepo mafundi tisa, wote wanaume. Alipangiwa kazi na mmoja waliyemwita Taratibu, kwa kejeli, maana mtu yule hakuwahi kufanya jambo lolote taratibu. Taratibu aliona kufuli jekundu likining'inia kwenye mkanda wa mgeni, akamwuliza kama bado analala bweni. Kitinda akaeleza. Alikosomea, fundi huzima swichi kuu ya lifti, akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo ukakaa kwake. Hakuna anayeweza kuiwasha mpaka yeye aseme kazi imekwisha. Mafundi wakashika mbavu kwa kicheko. Hapa, walimwambia, swichi inazimwa kwa kidole na kuwashwa kwa kidole, na aliye ndani ya shimo la lifti anapigiwa ukelele. Akauliza, na kama hakusikia? Taratibu akajibu kwamba huyo basi hasikii tena kabisa. Wakacheka upya, isipokuwa fundi mmoja mwenye kovu refu mkononi, aliyeinuka akaenda kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Siku ya tisa, Kitinda na Taratibu walitumwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi, lenye lifti moja. Wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba inapitiliza. Wakaijaribu tupu mara tatu, na mara ya tatu ikapita sakafu kwa shubiri nzima kabla ya kusimama. Juu, kwenye chumba cha mashine, Kitinda akafungua breki na kukuta pedi zimelika hadi kwenye chuma. Pedi mpya zingefika kesho yake asubuhi. Akazima swichi kuu, akaifunga, akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi, kisha akashuka ngazi kumwarifu meneja wa jengo.

Meneja alishika kichwa. Saa nne wenye jengo walikuwa wanakuja kukagua, na wageni hao ndio wangeamua kama kampuni ya lifti itaongezewa mkataba. Akapiga simu. Haikupita nusu saa, msimamizi wa mafundi akamfuata Kitinda aliyekuwa amerudi chumba cha mashine, akaingia akihema, baada ya kupanda ghorofa zote kumi kwa miguu.

"Binti yangu," alisema alipopata pumzi, "fungua. Wageni wapande, washuke, saa nane tunaizima."

"Haishiki, mkubwa. Imepitiliza shubiri ikiwa tupu."

"Imekuwa ikipitiliza mwezi mzima na hakuna aliyekufa."

"Basi tusimtafute wa kwanza."

Msimamizi akaacha kumwita binti yangu. Alimkumbusha kwamba yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, kwamba kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa na kazi hii, na kwamba barua moja tu inatosha kumrudisha kwao kabla ya wiki kwisha. Kitinda aliwaza uwanja wa ndege, begi lilelile, na ukoo mzima ukimpokea kwa upole, upole ule wa kumpokea mtu aliyeshindwa.

"Iandike, mkubwa. Kufuli linabaki."

Msimamizi akamwamuru Taratibu alete mkasi wa kukatia chuma. Taratibu akaenda, na kwa mara ya kwanza alistahili jina lake. Aliporudi, Kitinda alikuwa amelifungua daftari la lifti juu ya mashine, ameandika hali ya breki na kuweka kalamu katikati.

"Sikuzuii," alimwambia msimamizi. "Kata. Ila andika hapa ni nani amekata, na saa ngapi. Halafu panda wewe wa kwanza, peke yako, kutoka huku juu mpaka chini. Kwetu anayeirudisha lifti kazini ndiye anayeanza kuipanda."

Msimamizi aliitazama kalamu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuisoma chapa yake. Taratibu akakohoa, akauweka mkasi sakafuni, akasema yeye ana watoto watatu, na isitoshe ngazi ni nzuri kwa afya. Msimamizi akageuka, akaanza kushuka.

Wageni walipanda kwa miguu. Kitinda, aliyekataa kuondoka karibu na swichi, aliwasikia wakilaani kila ghorofa kwa namba yake. Alasiri akakabidhiwa barua: amesimamishwa kazi mpaka makao makuu yaamue. Aliisoma mara mbili, akatia saini kwamba ameipokea, na chini yake akaandika kwa mkono wake: Lifti isiwashwe.

Chumbani alilia vizuri, akamaliza, akafua ovaroli. Kisha akampigia mama yake na kumweleza yote bila kumficha. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Ufunguo uko wapi?"

"Shingoni, mama."

"Basi kula, upumzike."

Asubuhi Taratibu alibisha hodi. Pedi zimefika, alisema, na mkubwa anataka ufunguo.

"Ufunguo hauendi bila mimi."

"Lakini dada, wewe umesimamishwa."

"Mimi, ndiyo. Kufuli halijaandikiwa barua."

Taratibu alicheka mpaka mwenye duka la rangi akatoka kutazama. Wakaenda pamoja. Walifunga pedi kwa saa mbili, Taratibu akishika tochi na kuuliza maswali ambayo, alikiri, hakuwahi kuyauliza kwa miaka kumi na moja. Kitinda akafungua kufuli, akawasha, akaijaribu tupu mara tano. Kisha akaingia peke yake, akabonyeza kitufe cha chini, akateremka ghorofa zote. Lifti ikasimama sawasawa na sakafu.

Mlango ulipofunguka, msimamizi alikuwa amesimama mbele yake na karatasi kutoka makao makuu. Aliisoma kama mtu anayesoma maneno yasiyo yake. Baada ya kupitia daftari la lifti, makao makuu yameona fundi asifukuzwe, ila kwa kumkaidi mkubwa wake, majaribio yake yanaongezwa kutoka miezi mitatu hadi sita. Akangoja shukrani.

"Na aliyeagiza niifungue," Kitinda aliuliza, "ameongezewa mingapi?"

Msimamizi alikunja karatasi mara nne. Alimwambia kuna lifti imekwama hospitali ya mtaa wa pili, aende sasa hivi na Taratibu.

"Sawa, mkubwa," alisema Kitinda, akiinua mkoba wa zana. "Nikifika nitafunga kwanza, ndipo nikupigie."